Kiingilio na Kauli: Uanachama katika Nchi ya Ntuzu

Watu wa Ntuzu, ambao nchi yao leo ni Bariadi na viunga vyake mkoani Simiyu, walijua tangu kale maana ya kujiunga kwa hiari, kwani kijana aliweza kuchagua kuwa Mgika au Mgalu katika vyama viwili vya ngoma vyenye kushindana kwa uganga na uchezaji, na vijana wa kulima kwa pamoja walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemtii kwa kuwa walimridhia.

Hulka hiyo ndiyo iliyoupokea ushirika wa pamba. Katika zama za ukoloni, Bariadi ilipokuwa ingali ndani ya wilaya ya Maswa, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe, naye hakuwa na njia ya kuhakiki ratili alizosomewa wala hoja ya kumkabili mpimaji. Kutokana na dhuluma hiyo, mwanaushirika Paul Bomani na wenziwe waliwaunganisha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililokuja kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mkulima aliyelipa kiingilio na kununua hisa alipata mizani ya chama chake, na zaidi ya hapo alipata haki ya kusimama mkutanoni, kuuliza hesabu na kuwachagua au kuwaondoa viongozi. Nayo kura yake ilikuwa moja, sawa na ya jirani mwenye shamba kubwa.

Lakini Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kila kijiji kiwe chama cha ushirika, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vilivyoviunganisha vyama vya wakulima, pamba ikachukuliwa na Mamlaka ya Pamba. Mtu akawa mwanachama kwa sababu ya makazi yake tu, pasipo kuchagua wala kutoa hisa, na asiyechagua huwa mzito wa kudai hesabu. Vyama vikuu vilirejeshwa kwa sheria ya 1982, ila hiari yenyewe ilirudi kwa sheria ya 1991, ambayo iliuweka uanachama tena juu ya ridhaa na hisa; na leo mkulima wa Bariadi hupeleka pamba yake katika AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao.

Wako pia vijana wetu wanaotunga programu za kompyuta, nao wanakutana na suala lile lile la kiingilio na kauli kwa sura mpya, maana kampuni ya Apple huwatoza dola 99 kila mwaka ili programu zao ziingie katika duka lake, na Google dola 25 mara moja tu. Ada hizo hufungua mlango wa soko, wala hazimpi mlipaji kura juu ya masharti ya soko hilo. Si haramu kuzilipa, na mara nyingi hapana budi. Lakini kila anayetakiwa kutoa kiingilio, awe wa pamba au wa kompyuta, ni wajibu wake kuuliza kwanza anapata huduma gani, nani anashika mizani, na kama neno lake litasikilizwa siku ya hesabu. Asiyepata jibu la swali hilo la mwisho amenunua ruhusa, hajanunua uanachama.