Tanuri la Bibi Eboshi: Historia na Mgogoro wa Kimaadili katika Filamu ya Mononoke-hime (1997)

Uhakiki wa filamu za kifantasia umezoea kuutafuta mgogoro wa kimaadili ndani ya nafsi ya mhusika: anatamani jema, anavutwa na ovu. Insha hii inadai kwamba kipimo hicho hakitoshi kumweleza Bibi Eboshi, kiongozi wa kijiji cha wafua chuma katika Mononoke-hime, filamu ya katuni iliyoongozwa na Hayao Miyazaki na kutengenezwa na Studio Ghibli. Eboshi hasiti. Mgogoro wake umo katika kazi yake, na kazi hiyo ina historia.

Mandhari ya filamu ni Japani ya kipindi cha Muromachi (1336–1573). Miyazaki aliathiriwa na mwanahistoria Yoshihiko Amino, aliyepinga kuiona Japani ya zama za kati kuwa nchi ya wakulima wa mpunga na samurai pekee, akawarejesha katika historia mafundi, wachuuzi na watu waliotengwa. Kijiji cha Eboshi ni cha watu hao. Wanawake waliokombolewa kutoka madanguroni hukanyaga mivukuto. Wenye ukoma, ambao hakuna mwingine aliyekubali kuwauguza, hutengeneza bunduki. Lakini chuma hutaka mkaa, na mkaa hutaka miti. Risasi ya kijiji hicho ndiyo inayomgeuza Nago, mungu wa nguruwe mwitu, kuwa zimwi, na laana yake inamwangukia kijana Ashitaka asiyehusika.

Kwa watazamaji wa 1997, ukoma haukuwa jambo la kale. Sheria ya Japani iliyoruhusu kuwatenga wagonjwa ilifutwa mwaka 1996 tu, ilhali tiba ilikuwapo kwa miongo kadhaa. Anayemhukumu Eboshi kwa ajili ya msitu analazimika kujiuliza jamii yake yenyewe iliwatendea nini wale aliowapokea.

Mwishoni Eboshi anamfyatulia risasi mungu wa msitu, anapoteza mkono, lakini anabaki hai. Ashitaka anakaa kijijini. San, binti aliyelelewa na mbwa mwitu, anarudi msituni bila kuwasamehe wanadamu. Kwa hiyo, Eboshi si mhusika bapa wa uovu, wala si mwema aliyepotoka. Wema wake na madhara yake hutoka katika tanuri moja, na anayetaka kulizima hana budi kueleza wenye ukoma wangekwenda wapi.