Bandari ya Mtwara ilivyozaliwa na karanga za Nachingwea

BANDARI ya Mtwara, yenye kina kirefu cha asili, ilijengwa kwa ajili ya shehena ambayo haikufika: karanga za Nachingwea.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango mkubwa wa kilimo cha karanga ili kukabili uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maeneo yaliyochaguliwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Jimbo la Kusini ndilo lililotengewa sehemu kubwa zaidi ya mashamba, lakini halikuwa na reli wala bandari ya kupokea meli kubwa.

Njia ya kwanza ilikuwa mlango wa Mto Lukuledi, Lindi. Kwa kuwa maji ya mto huo ni mafupi, meli zilitia nanga nje, na shehena ikapakuliwa kwenye matishari hadi gati la muda la Mkwaya, ndani ya mlango huo. Kazi ilitegemea kujaa na kupwa kwa maji. Kutoka Mkwaya ndipo reli ilipoanzia, ikafika Nachingwea mwaka 1949.

Kwa kuwa Lukuledi haikuweza kubeba mzigo uliotarajiwa, ghuba ya Mtwara ilichaguliwa kuwa bandari ya kudumu. Gati lenye urefu wa mita 385 lilijengwa, na reli kutoka Mtwara ikaungana na ile ya Mkwaya katika kituo cha Ruo.

Hata hivyo, mwaka 1951, kabla bandari haijakamilika, mpango wa karanga ulivunjwa, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikafutwa vitabuni. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954. Reli ilirefushwa hadi Masasi mwaka 1958, lakini kwa kukosa mizigo ya kutosha ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Tangu wakati huo korosho, ufuta na mazao mengine ya Nachingwea na Ruangwa husafirishwa kwa malori. Mkulima ndiye anayeumia barabara inapoharibika, kwani gharama ya usafiri hupunguza bei anayolipwa.

Katika miaka ya karibuni bandari iliongezewa gati jipya la mita 300. Aidha, utafiti umebaini madini ya kinywe wilayani Ruangwa na nikeli katika kilima cha Ntaka, Nachingwea. Mizigo mizito ambayo malori huisafirisha kwa gharama kubwa.

Historia ya miaka ya 1950 inaonyesha kuwa bandari na reli zisizo na shehena hufa. Mzigo wa sasa unauliza swali la upande wa pili: shehena ikipatikana, itafikaje gatini?