Wakubwa wa Chuo Kidogo

Mgeni akifika kwa watu hukaribishwa kiti, hupewa maji, kisha huulizwa habari za atokako, naye huuliza za wenyeji. Mimi nilipofika kuongoza chuo kimoja kidogo cha ualimu, Januari 1984, nilikaribishwa kiti nikakikalia, na hayo mengine sikuyangoja. Nilikuwa na umri wa miaka 36. Ukutani, nyuma ya kiti hicho, palibandikwa karatasi ngumu yenye visanduku na mistari. Juu aliandikwa Mkuu wa Chuo, chini yake Makamu, kisha Mratibu wa Taaluma, Mkufunzi wa Siasa, Mkufunzi wa Elimu ya Kujitegemea na Mlezi wa wanachuo. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Watumishi Wengine". Niliisoma karatasi ile mara mbili nikajiona nimekwisha kuwajua wakubwa wa chuo. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyokuja kutambua kwamba sikuwa nimemjua hata mmoja.

Yafaa kwanza nimkumbushe msomaji kijana vyuo vile vilikuwa vya namna gani. Vingi vilianzia mikononi mwa misheni, na kufikia mwanzo wa miaka ya sabini vilikuwa chini ya serikali. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kila chuo kilitakiwa kiwe na shamba na miradi yake. Novemba 1974, Chama cha TANU kilikutana Musoma kikaamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu wakatakiwa kwa maelfu kwa maelfu. Wengi wao walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, huku wakishika chaki. Kazi ya kuwasimamia ikawaangukia wakufunzi wa vyuo, na chuo kidogo kikajikuta kinabeba mzigo wa chuo kikubwa.

Kisha zikaja shida za mfululizo. Mwaka 1978 Idi Amin alituvamia Kagera tukaingia vitani, bei ya mafuta ikapanda, na mvua nazo zikakataa miaka kadhaa. Nilipofika mimi, chuo kilikuwa na wanachuo wasiofika 200, wakufunzi 14 na watumishi wengine 11. Sabuni ilikuwa ya kugawana kwa vipande. Ugali ulikuwa wa ule unga wa njano kutoka ng'ambo, ambao wananchi waliuita Yanga kwa sababu ya rangi yake.

Katika majuma yangu ya kwanza niliwaita wakubwa mmoja mmoja ofisini. Kila aliyeingia alisimama mpaka nilipomwambia aketi. Nilimweleza mipango yangu, naye akaitikia, "Sawa, Ndugu Mkuu," akatoka. Kwa mahojiano hayo nikawapima wote. Makamu wangu, mwalimu wa hisabati, nilimwona mpole mno, hana makali ya uongozi. Mkufunzi wa Siasa nilimwogopa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa tawi la Chama pale chuoni, nami nilidhani anangoja nikosee. Mhazili nilimhesabu kuwa mtu wa kupiga taipu tu. Mpishi mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi pale, na mtunza ghala, mzee aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka 15, sikuwaita kabisa. Wao walikuwa katika kile kisanduku cha chini.

Mwezi Machi tukahesabu chakula ghalani. Leja ilisema magunia 41 ya mahindi, nasi tukahesabu 35. Nilimwuliza mzee wa ghala mbele ya watu. Akajibu taratibu, "Ndugu Mkuu, mahindi hayo yametoka kwa halali, ila mwenye kulieleza jambo hilo si mimi." Nikaliona jibu hilo kuwa ni jeuri. Siku ile ile nikamwandikia barua ya onyo, ikaingia katika jalada lake.

Msomaji aliyezaliwa baadaye huenda asione uzito wa magunia sita. Mwaka mmoja kabla, Machi 1983, ilikuwa imeanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ambaye alikuja kufariki katika ajali ya gari Aprili 12, 1984. Sheria maalumu ilitungwa, na watu wengi walitiwa ndani. Nia ya kampeni ile ilikuwa njema, kwani wananchi walikuwa wakiumizwa na walanguzi. Lakini mtumishi mdogo aliyetajwa kwa upungufu wa chakula cha umma hakuwa na pa kujificha. Hilo nililijua vizuri. Hata hivyo, siku ya Ijumaa niliandika kwa mkono barua ya kwenda polisi wilayani, nikampa mhazili aipige taipu.

Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Utepe wa mashine umekwisha, Ndugu Mkuu. Labda Jumatatu."

Jumapili jioni nilibishiwa hodi nyumbani. Walikuwa Makamu na mama mpishi. Mama alikuwa na daftari la shule lililochakaa, lenye vijistari vya kalamu ya risasi, kila kijistari gunia moja lililoingia jikoni. Akanionyesha mahali pa mwezi Novemba 1983 ambapo vijistari sita vilizungushiwa duara. Mwezi huo njaa ilikuwa imebana vijiji vya jirani, na watoto wa shule ya msingi tuliyoitumia kwa mazoezi ya kufundisha walikuwa wakianguka darasani. Mtangulizi wangu alitoa amri ya mdomo magunia sita yaende kupikiwa uji wa watoto. Hakuandika, kwa sababu chakula cha wanachuo hakikuruhusiwa kutoka chuoni, na kuandika kungekuwa kujishitaki mwenyewe. Mzee wa ghala alimwahidi kwamba jina lake halitatoka kinywani mwake.

Nikamgeukia Makamu kwa ukali. "Mbona hukuniambia?"

Akanijibu bila kupandisha sauti, "Hukutuuliza, Ndugu Mkuu. Ulituita ukatueleza."

Usiku ule sikupata usingizi. Nikiwa mwanachuo, mwaka 1971, ulitoka Mwongozo wa TANU, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Viwandani wafanyakazi walikitumia kuwakabili mameneja wao. Mimi nilikifundisha kifungu hicho kwa miaka kadhaa na kukitungia maswali ya mtihani. Sikuwahi kudhani kwamba kinaweza kunihusu mimi mwenyewe.

Jumatatu mhazili alinirudishia karatasi yangu, haijapigwa taipu, nikaichana. Nikaitisha kikao cha wote, wakufunzi na watumishi, jambo ambalo halikuwa desturi. Nilieleza kosa langu na kumwomba radhi mzee wa ghala. Aliyesimama baada yangu alikuwa Mkufunzi wa Siasa, nikajua sasa nimekwisha. Kumbe alisimama kupendekeza kwamba magunia sita yarudishwe kutoka mavuno ya shamba la chuo, na kwamba yeye na wanachuo wake wataongeza eneo la kulima. Nilipomtazama vizuri niliona mikono yake ina sugu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza shambani kila alfajiri, wakati mimi nasoma majalada.

Mzee wa ghala alikubali radhi yangu, lakini akaongeza neno. "Maneno ya kikao huondoka na wenye kikao. Barua ya kwanza imo katika jalada langu. Na ya pili iwemo." Nikaiandika. Mhazili aliipiga siku hiyo hiyo, na utepe ulikuwa mzima kabisa.

Mtangulizi wangu, nilipomwandikia, alijibu akikiri kila kitu. Nami niliwapelekea wakubwa wangu maelezo ya kweli, nikapata barua ya karipio kwa kuchelewa kutoa taarifa. Ninayo mpaka leo, wala siionei haya kama ninavyoionea haya ile niliyoichana.

Karatasi ya ukutani sikuiondoa, kwa maana chuo hakiendi bila utaratibu. Ila kile kisanduku cha chini nilikifuta, tukaandika kila mtumishi kwa jina na kazi yake. Tangu hapo mkufunzi mpya alipofika, nilimpeleka jikoni kwanza anywe chai na mama mpishi, kisha ghalani, kisha kwa mhazili, ndipo aje ofisini. Wengine walinicheka. Nami nikajizoeza kumsikiliza Makamu, ambaye katika vikao alisema mwisho. Nikagundua kwamba wakufunzi wote humtazama yeye kabla ya kunyosha mkono.

Siku hizi vyuo vimebadilika. Vipo vya serikali na vya watu binafsi, na karatasi za visanduku huchapwa kwa kompyuta, nzuri kuliko ile yetu. Wakuu wapya hunitembelea mara moja moja kuniuliza waanzie wapi. Huwaambia wamtafute mtu ambaye wenzake humgongea mlango usiku panapotokea mgonjwa, na yule ambaye neno lake hutuliza ugomvi. Wakishawapata, wakae nao wawaulize, wala wasianze kwa kuwaeleza.

Mzee wa ghala alistaafu mwaka 1991. Siku ya kukabidhi hakukubali niweke sahihi mezani. Alinichukua mpaka ghalani, tukahesabu gunia moja moja kwa sauti, yeye akitaja na mimi nikiitikia, hadi la mwisho. Hesabu ilikuwa sawa.