Pazia la Rawls na Daraja la Rusumo

Kila mwaka wanafunzi wangu hukutana na John Rawls. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, anatutaka tuchague kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua kama tutakuwa matajiri au maskini. Ni zoezi zuri. Hata hivyo, Rawls alianza kwa kuichukulia jamii kama mfumo uliofungwa, uliotengwa na jamii nyingine. Kwa msomaji wa Ngara, tatizo linaanzia hapo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Katika msafara uleule walikuwamo watoto wachanga, vikongwe, na watu waliotoka kuua. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2004 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Nani basi aketi nyuma ya pazia? Wenyeji, ambao miti yao ilikuwa ikigeuka kuni? Wakimbizi? Na muuaji ahesabiwe wapi? Chakula cha msaada kiligawiwa kupitia viongozi waliokuja na watu wao, hivyo kila mgao wa mahindi ulikuwa pia mgao wa madaraka. Kabla ya kujadili kanuni ya kugawa, ilibidi kuuliza nani ameshika orodha ya majina.

Sisemi uchambuzi wa dhana hauna kazi. Desemba 1996, Serikali yetu na UNHCR walitoa tamko la pamoja wakiwataka Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Maelfu walikimbilia ndani ya nchi, jeshi likawageuza. Kati ya kurejea na kurejeshwa kuna silabi chache tu, na mwanafalsafa ana wajibu wa kuzishikilia.

Lakini dhana huishia kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kagera hata watu walioishi huko kwa miongo kadhaa, wakaoa na kuzaa. Huko Ngara na Biharamulo, wazee wengi, raia na wasio raia, hawana cheti cha kuzaliwa. Mtendaji anayetakiwa kuwatenganisha hubaki na ushuhuda wa majirani, na majirani hao wana mashamba yanayopakana na ya mtuhumiwa.