Ushuru wa vinywaji vyenye sukari nchini Tanzania

Ushuru wa vinywaji vyenye sukari ni kodi inayopandisha bei ya soda na juisi za kiwandani ili watu wavipunguze. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kodi itakayoinua bei ya dukani kwa angalau 20%. Mexico ilikuwa imeshatangulia Januari 2014, kwa peso 1 kila lita. Afrika Kusini ilifuata Aprili 2018, ikitoza kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100. Utaratibu huu ni bora zaidi, maana unamsukuma mwenye kiwanda apunguze sukari yenyewe.

Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa kwa lita, na lengo lake la kwanza ni mapato. Haja ya kiafya ipo: utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta 28% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Dumila, mji mdogo wilayani Kilosa kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, huonyesha ugumu wa jambo hili. Nyanya na mboga za kando ya barabara hazitozwi VAT kwa kuwa ni mazao ghafi. Soda hubeba VAT na ushuru pia. Lakini wilaya hiyohiyo ina mashamba ya miwa na kiwanda cha Mkulazi kule Mbigiri, kwa hiyo sukari ni ajira. Na chipsi mayai za kibandani, pamoja na mafuta yake yote, haziguswi na ushuru huu.