Nani Alishika Baruti? Silaha na Anguko la Bunyoro, 1890–1899

Vitabu vyetu vingi vya shule hueleza kuanguka kwa tawala za Maziwa Makuu kwa sentensi moja: Wazungu walikuwa na bunduki ya Maxim, na Waafrika walikuwa na mikuki. Mwanafunzi akiisoma sentensi hiyo huondoka na moja kati ya mawazo mawili. Ama babu zetu walikuwa wajinga wasiojua silaha za kisasa, ama vita vilikuwa vimekwisha kabla ya kuanza. Insha hii inapinga mawazo yote mawili. Inadai kwamba jambo lililoamua matokeo halikuwa bunduki yenyewe, bali ni nani aliyeshika njia ya baruti na risasi. Mfano mkuu ni Bunyoro chini ya Omukama Kabalega.

Tuanze na silaha yenyewe. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni bunduki yake katika miaka ya 1880. Risasi ilipotoka, mtutu ulisukumwa nyuma, na nguvu hiyo ndiyo iliyotoa ganda tupu, ikaingiza risasi nyingine kutoka kwenye mshipi na kuifyatua. Maji yaliyouzunguka mtutu yaliupoza. Kwa namna hiyo bunduki moja iliweza kupiga risasi zipatazo 600 kwa dakika. Waswahili waliiita bombomu.

Hata hivyo, sifa hiyo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Kabla ya reli, kila risasi iliyofika Kampala ilibebwa kichwani kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na ndani yake zilitosha risasi mia chache tu. Kwa hiyo kazi ya miezi ya mpagazi mmoja ingeweza kuteketea kwa dakika moja. Frederick Lugard alipofika Mengo mwezi Desemba 1890, Maxim aliyokuwa nayo ilikuwa chakavu, kwani ilikuwa imekwisha kuvuka Afrika pamoja na msafara wa Stanley. Silaha ya namna hii ilitisha, lakini haikuweza kutawala nchi peke yake.

Ushahidi wa jambo hili uko katika Vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892. Baganda walikuwa wamegawanyika katika chama cha Wakatoliki, walioitwa Wafaransa, na chama cha Waprotestanti, walioitwa Waingereza. Ni kweli kwamba Maxim ilipigwa kutoka kilima cha Kampala, na siku chache baadaye ikapigwa tena kwenye kisiwa cha Bulingugwe alikokimbilia Kabaka Mwanga. Lakini kabla ya mapigano Lugard alikuwa amegawa mamia ya bunduki kwa Waprotestanti, na wao ndio waliopigana sehemu kubwa ya vita. Uwezo wa Lugard ulikuwa katika ghala lake: aliweza kuamua nani apewe na nani anyimwe.

Uwezo huo ulikuwa umekwisha kupewa sura ya sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliojulikana zaidi kwa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha. Kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake kulizuiwa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, isipokuwa kwa vibali vya serikali za kikoloni. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kwa masharti, ni gobori za gumegume na baruti ya kawaida. Lengo lililotajwa, yaani kuwanyima silaha wawinda watumwa, lilikuwa jema. Hata hivyo, mkataba huo uliigawa teknolojia katika mafungu mawili: ya zamani kwa mtawaliwa, na mpya kwa mtawala.

Kabalega aliielewa biashara hii vizuri kuliko vitabu vyetu vinavyokiri. Kwa miaka mingi aliuza pembe za ndovu kwa wafanyabiashara wa Khartoum na wa pwani, akapata bunduki kwa ajili ya jeshi lake la abarusura. Barabara ya kaskazini ilipofungwa na vita vya Mahdi huko Sudan, alitegemea ile ya kusini, iliyopita Karagwe na Ankole. Hapo ndipo Lugard alipolenga. Mwaka 1891 alifanya mapatano ya udugu wa damu na wawakilishi wa Ntare wa Ankole, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuzuia silaha zisipite kwenda Bunyoro. Kisha akajenga ngome huko Toro na kuzijaza askari wa Kisudani. Kabla ya vita vikubwa vya 1893 na 1894, Kabalega alikuwa amekwisha kuzibiwa mlango.

Wafanyabiashara nao waliona mabadiliko hayo. Charles Stokes, mmisionari wa zamani kutoka Ireland aliyegeuka mfanyabiashara, alisaidia kumrudisha Mwanga madarakani mwaka 1889. Januari 1895, maofisa wa Dola Huru ya Kongo walimnyonga kwa kosa la kuwauzia maadui wao silaha.

Msomaji anaweza kuuliza: je, bila kizuizi hicho matokeo yangekuwa tofauti? Mifano miwili inasaidia kujibu. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani kwa ghafla, wakamuua kiongozi wake, Emil von Zelewski, na kuteka bunduki zipatazo 300. Lakini bunduki za kuteka hutegemea risasi za kuteka, na ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Ethiopia, kwa upande wake, ilinunua bunduki kutoka Ufaransa na kwingineko, na hata Italia yenyewe ilikuwa imempa Menelik silaha. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi lake liliishinda Italia huko Adwa. Menelik hakuwa na ushujaa kumzidi Kabalega au Mkwawa. Alikuwa na njia iliyo wazi ya kupitishia risasi.

Hata bila njia hiyo, Kabalega alipigana vita vya msituni hadi tarehe 9 Aprili 1899, alipojeruhiwa na kukamatwa pamoja na Mwanga huko Lango. Mtu aliyestahimili miaka hiyo yote hawezi kuelezwa kwa sentensi moja kuhusu mikuki.

Kwa kumalizia, hoja hii haiishii katika karne ya 19. Leo Uganda ina kiwanda cha risasi Nakasongola, Kenya inacho Eldoret, na Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro. Mwaka 2004 serikali za ukanda wetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogondogo, na safari hii watiaji saini walikuwa wenyewe. Hilo ni badiliko kubwa. Lakini historia ya Mengo inatuachia swali la pili: baruti ikishikwa nyumbani, inashikwa kwa niaba ya nani? Ghala la Lugard liliwapa silaha Baganda dhidi ya Baganda. Raia anayekutana na polisi mwenye bunduki ana haki ya kuuliza swali hilo, na mwanafunzi wa historia ana wajibu wa kumsaidia kuliuliza.