Gereza lenye msalaba: jioni moja Melaka

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Muhula wa kubadilishana wanafunzi huku Malaysia si lelemama, kazi za darasani zimenikaba koo. Lakini jana Jumamosi nilikwenda Melaka na nimerudi na kitu kinanisumbua, bora nikiandike kabla hakijapoa.

Kwa wasioijua: Melaka ni mji wa bandari, saa mbili hivi kwa basi kutoka Kuala Lumpur. Ulianzishwa karibu na mwaka 1400 na karne hiyo yote meli za China, India na Uarabuni zilikutana hapo. Karafuu za Maluku na kungumanga za Banda zilipitia hapo kwenda kuuzwa duniani. Mchana jua linaunguza, kwa hiyo wajanja huzunguka jioni. Tulikuwa watu tisa na mzee mmoja wa kutuongoza, ana tochi na kofia ya kufuma. Wenyeji walimwita pakcik, nami nikamwita hivyohivyo. Neno hilo ukilivunja ni baba mdogo kabisa, kama kwetu!

Tukaanzia kwenye uwanja wenye majengo mekundu ya Waholanzi. Pakcik akauliza kila mtu anatoka wapi. Ilipofika zamu yangu nikasema Tanzania. Akatabasamu: "Kilwa!"

Jamani. Nimezoea kuulizwa Serengeti na Kilimanjaro. Kilwa? Akaeleza kundi zima kwamba kati ya mwaka 1512 na 1515 aliishi hapa mfamasia wa Kireno, Tomé Pires, akaandika kuhusu watu waliokuja kufanya biashara Melaka. Kwenye orodha yake wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Anasema pia mjini humo zilisikika lugha 84. Halafu pakcik akanigeukia, kwa upole tu: "Kilwa ikoje siku hizi?"

Nikajibu, "Nzuri." Sijawahi kufika Kilwa.

Tukapanda kilima cha Mtakatifu Paulo jua likizama. Juu kuna kuta za kanisa la Wareno la mwaka 1521, paa halipo, mawe ya makaburi yameegemezwa ukutani. Mwili wa Francis Xavier ulilazwa hapo mwaka 1553 kabla ya kupelekwa Goa. (Huyu naye alipita Malindi mwaka 1542 akienda India. Njia ilikuwa ileile moja.) Pakcik akaelekeza tochi kwenye zile kuta, akasema neno la Kimalay: gereja.

Nikashtuka. Gereza? Nikamuuliza, hapa walifungwa watu? Akacheka. Gereja kwao ni kanisa. Limetoka kwa Wareno, igreja.

Hapo ndipo kichwa kikaanza kuzunguka, maana neno letu gereza limetoka hapohapo! Kwao limebaki kanisa. Kwetu limekuwa ngome, kisha jela. Ile ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ndani yake palikuwa na kanisa, Waingereza waliigeuza jela ya kweli kuanzia 1895 hadi 1958. Basi tukashuka ngazi huku mimi na pakcik tunabadilishana maneno kama watoto. Meza? Meja. Bendera? Bendera! Nanasi? Nanas. Waholanzi wawili nyuma yetu walituona vichaa.

Chini ya kilima kuna lango la mawe, Porta de Santiago. Ndicho kilichobaki cha ngome kubwa ya Wareno. Afonso de Albuquerque aliuteka mji Agosti 1511, Sultan Mahmud Shah akakimbia. Vita vikali vilipiganiwa kwenye daraja la mto, kwa sababu aliyelishika aliukata mji vipande viwili. Pakcik anasema ngome ilijengwa kwa mawe ya misikiti na makaburi ya wafalme. Waholanzi wakaja 1641, wakachonga nembo yao juu ya lango na mwaka 1670. Waingereza nao wakaibomoa ngome kuanzia 1807.

Nikasimama pale nikiliangalia lile jina. Santiago. Ngome ambayo Francisco de Almeida aliijenga Kilwa baada ya kuuvamia mji Julai 1505 iliitwa hivyohivyo, Santiago. Wareno waliiacha 1512, mwaka mmoja tu baada ya kuipata Melaka. Na Albuquerque huyuhuyu alikuwa kwenye msafara ulioichoma Barawa mwaka 1507, Barawa ya pwani yetu ya Waswahili. Yaani yaliyowakuta watu wa Melaka yalikuwa yameshatukuta sisi miaka michache nyuma. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyekuwa bandarini siku ile, kama alikuwapo, angeweza kuwaambia jirani zake kitakachofuata.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Mada hii nilipata A. Kidato cha nne niliimeza: 1498, 1505, 1593, 1698, sababu tano za kuja kwa Wareno, athari sita. Nilidesa, nikatema kwenye mtihani, nikasahau. Hakuna aliyeniambia Kilwa ilijulikana ng'ambo ya bahari, nami sikuuliza. Mpaka mzee wa Melaka aje kuniulizia habari za kwetu, nimdanganye. Kibaya zaidi, mwakani naenda mazoezi ya kufundisha, na andalio la somo nililoandika muhula uliopita lina sababu tano na athari sita zilezile.

Tulimalizia soko la usiku la Jonker, ng'ambo ya daraja. Baiskeli za abiria zimepambwa taa na muziki juu, watu kama siku ya sikukuu. Nilimwambia pakcik ukweli. Akanipigapiga bega tu, akaninunulia maji ya miwa.

Andalio nimelichana leo asubuhi. Jipya litaanza na meza ya mwalimu: nitaigonga, niwaulize watoto neno hili tumelitoa wapi.

Melaka iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kilwa Kisiwani iliingia 1981. Mdau aliyewahi kufika, tafadhali: boti za kutoka Kilwa Masoko kuvuka kisiwani zinapatikanaje? Nikirudi tu, naenda.